Kioo cha Nne

Blanketi zito la Phanice lilipotea siku ya Jumanne, na Kitale si mji wa kupoteza blanketi mwezi wa Julai. Alilitafuta kitandani, akalitafuta kwenye kamba ya nguo, akaenda hadi kwa jirani kuuliza kwa sauti ya mtu asiyeuliza bali anayeshuku. Jirani akamtolea blanketi zake mbili azikague. Phanice akarudi nyumbani na aibu yake, akalala usiku mbili chini ya shuka na koti la mumewe.

Alhamisi asubuhi aliingia stoo kuchota mahindi ya kupeleka kinuni. Nyuma ya magunia, kati ya ukuta na baiskeli mbovu, blanketi lake lilikuwa limesimama wima. Lilikuwa limevishwa kitu kipana, bapa, kirefu kumpita yeye. Alilivuta kidogo pembeni, akaona kioo. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na muhuri mweupe, mdogo kama kifungo cha shati.

Mumewe alikuwa mezani akinywa chai. Kimotho ni fundi wa vioo, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyojaa makovu madogomadogo, na kwa siku mbili alikuwa hali vizuri. Phanice alidhani ni mafua.

"Baba Gathii, hiyo kioo iko stoo ni ya nani?"

"Ni ya kazi."

"Kazi gani? Si ya Bungoma uliniambia umemaliza juzi?"

"Nimemaliza."

"Ulienda na ngapi?"

"Nne."

"Na hii ni ya ngapi?"

Kimotho akainua kikombe akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini alikunywa hivyo hivyo, akakirudisha polepole mezani. Phanice aliketi mbele yake, debe la mahindi likiwa bado mkononi.

"Niambie," alisema.

Akamwambia. Ukumbi mpya wa shule ya Madam Dinah kule Bungoma una madirisha manne makubwa yanayoanzia chini, kimo cha goti la mtu mzima. Kwa sababu ni shule ya watoto wadogo, walikubaliana kioo kigumu, kile kinachopikwa kwenye tanuri huko Nairobi. Kioo hicho kikivunjika hakitoi ncha. Kinamwagika punjepunje kama mahindi yaliyopukuchuliwa, na mtoto anaweza kukiangukia akaamka na mchubuko tu. Ubaya wake ni mmoja. Kikishapikwa hakikatwi tena. Lazima kipimwe na kukatwa kwanza, ndipo kiingizwe motoni, na kikija kimezidi hata upana wa ukucha, basi kimezidi.

Sasa tepu ya kupimia ya Kimotho ilikatika ncha mwaka jana. Mtu mwingine angenunua nyingine, lakini mafundi wetu wa jua kali wana dawa yao: unaanza kupima kutoka alama ya inchi moja badala ya mwanzo, kisha mwishoni unatoa moja. Kimotho alifanya hivyo mwaka mzima na hakukosea hata siku moja, na alipenda kujisifu kwamba akili haikatiki ncha. Dirisha la kwanza alitoa. La pili akatoa, la tatu akatoa. Alipokuwa kwenye la nne simu ililia, na alikuwa Madam Dinah mwenyewe akiuliza kama kazi itawahi sherehe ya kufungua ukumbi. Kimotho alimhakikishia kwa heshima zote. Alipokata simu akaandika namba aliyoiona kwenye tepu, akatuma oda Nairobi.

"Ikakuja kubwa na inchi moja," alisema.

"Na kwa dirisha uliweka nini?"

"Ya kawaida. Nilikata hapa Jumatatu jioni, nikaweka Jumanne."

"Madam anajua?"

"Zinafanana, Mama Gathii. Ukisimama hapo huwezi jua."

"Sijauliza kama zinafanana."

Kimotho alisugua kovu la kidole gumba. Alisema oda mpya inachukua wiki mbili na sherehe ni Jumamosi, kwamba angebadilisha kimyakimya shule zikifungwa Agosti, kwamba elfu kumi na nane za kioo kingine angezipata kwa kazi ya kanisa la Kiminini. Alisema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo alivyojisikia mtu mwenye busara. Kitu kimoja hakukisema. Alipokuwa akikata kile cha kawaida kwa haraka, ukingo wa chini ulimeguka jino dogo kama punje ya mchele, naye akalifukia ndani ya gundi. Kioo chenye jino ukingoni ni kioo kilichoanza kuvunjika, hilo kila fundi analijua.

*

Saa sita mchana Phelista alipiga simu. Phelista ni dada mkubwa wa Phanice, mwalimu wa PP2, darasa la chekechea, katika shule hiyohiyo ya Madam Dinah, na ndiye aliyemtafutia Kimotho kazi. Alimsimamia mbele ya Madam kwa maneno haya: huyu ni shemeji yangu, akiharibu nitoe mimi.

"Sasa, Phanice. Nyumba imekaa aje? Mnakuja Jumamosi, si ndiyo?"

"Bado tunaangalia."

"Ati mnaangalia? Bana, bwana yako ndiye ameweka vioo, watu wanazisifu mpaka nasikia raha. Mama anakuja kuona Nanjala wangu akiimba, tumemtafutia kiti cha mbele. Na watoto wa darasa langu wamepewa pahali pazuri, pale dirishani karibu na jukwaa. Madam anataka picha zitoke na mwanga."

"Dirisha gani?"

"Ile ya mwisho. Ya nne ukihesabu kutoka mlangoni."

Phanice aliketi juu ya jerikeni. Aliuliza watoto ni wangapi, akaambiwa kumi na wanane. Aliuliza kama watakuwa wameketi au wamesimama, Phelista akacheka. Watoto wa miaka mitano na kucheza nyimbo za vitendo, nani angewaketisha? Wangeruka, wangezunguka, wangerudi nyuma hatua mbili wakipiga makofi. Phanice akasema simu inaisha chaji.

Alifunga nyumba akaenda mpaka kibandani kwa Kimotho, karibu na stendi, akamkuta akikata vioo vya fremu za picha. Alimsimulia bila kuketi. Kimotho aliweka almasi yake ya kukatia chini kwa uangalifu mwingi, kama chombo kilichojaa maji.

"Nitawaambia wawasogeze," alisema.

"Utawaambia kwa sababu gani?"

"Nitatafuta sababu."

Akaitafuta hapohapo, akapiga simu, akaiweka kwenye spika ili mkewe asikie kwamba anafanya kitu.

"Madam, habari ya kazi. Ni fundi. Nilikuwa nataka kusema, ile dirisha ya mwisho, gundi haijashika vizuri. Sababu ya baridi. Watoto wasikae karibu sana hiyo Jumamosi."

"Fundi, uliniambia gundi inashika siku moja."

"Ni kweli, lakini ya hiyo moja..."

"Gundi ni moja ama ni tofauti? Zile tatu zimeshika, hiyo peke yake imekataa?" Sauti ya Madam Dinah ilikuwa ya mtu anayezungumza na fundi wa tano siku hiyo. "Kwanza Bungoma hakuna baridi. Baridi iko huko kwenu Kitale. Hebu wacha nipange viti."

Simu ikakatika. Mteja aliyekuwa akingojea fremu yake alitazama paa. Kimotho akapata joto masikioni, na Phanice, badala ya kumhurumia, alijikuta akikasirika kwa uwongo huo mbovu kuliko kwa kioo chenyewe.

"Tutaenda," alisema. "Tutamwambia uso kwa uso, na utabeba mbao ya kufunika hiyo dirisha."

"Na Phelista? Akifutwa?"

"Phelista ana mtoto kati ya hao kumi na wanane."

Ijumaa yote Kimotho aliishi kama mgonjwa anayengoja daktari. Alimkatia mtu kioo cha dirisha la choo mara mbili kwa sababu ya kwanza alikosea. Gathii, mtoto wao wa darasa la pili, alipogonga kijiko kwenye sahani wakati wa chakula, baba yake alishtuka akamfokea, kisha akamwomba radhi, jambo lililomshangaza mtoto kuliko kufokewa.

*

Jumamosi asubuhi Kipruto, jirani mwenye pikapu ya kubeba viazi, aliwapa lifti kwa sababu alikuwa akishuka Bungoma kuchukua mzigo. Nyuma waliweka ubao mmoja wa plaiwudi na begi la vyombo. Kipruto aliongea njia nzima kuhusu bei ya mbolea. Walipopita Kamukuywa aliuliza mbona wote wawili wamenyamaza kama watu wanaoenda kuchukua maiti, na Phanice akamwambia hakulala vizuri.

Shuleni hema zilikuwa zimesimama, kreti za soda zimepangwa kivulini, na jamaa wa vipaza sauti alikuwa akihesabu moja mbili, moja mbili. Madam Dinah aliwapokea ofisini akiwa amevaa suti ya samawati na saa ya dhahabu. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, aliyeanza shule hiyo na watoto sita kwenye gereji ya marehemu mumewe. Sasa ana mia tatu na arobaini. Kila mzazi alikuwa amechangishwa kwa ajili ya ukumbi, na wengine bado walinung'unika.

Kimotho alisimama akasema yote: tepu, inchi, kioo cha kawaida, hata jino. Phanice aligeuka akamtazama alipofika kwenye jino, maana hilo alikuwa halijui.

Madam Dinah alitazama saa yake ya dhahabu.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza.

"Madam?"

"Nauliza kwa nini umeniambia leo saa mbili, wageni wakiingia saa nne. Jana ningefanya kitu. Kesho ningefanya kitu. Leo umekuja kunipatia mzigo wako nibebe."

"Nimekuja na mbao. Tufunike hiyo dirisha."

"Mbao kwa ukumbi mpya? Wazazi wataniuliza ni ya nini. Nikisema kioo ni mbaya, Jumatatu nitafungua shule na watoto wangapi?" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Niite Mwalimu Phelista."

Phelista aliingia akitabasamu, akitarajia kusifiwa. Aliposikia, tabasamu lilikaa usoni kidogo zaidi ya ilivyopaswa, kama halikupata habari.

"Shemeji," alisema.

"Wasogeze watoto upande ule mwingine," Phanice alisema.

"Upande ule ni wa wageni na kwaya ya wazazi," Madam akajibu. "Programu imechapishwa, mpiga picha ameshaweka vyombo vyake." Aliwaza, macho yakienda dirishani na kurudi. Kisha akafungua kabati akatoa fulana ya manjano inayong'aa, ya askari wa geti. "Fundi, utavaa hii. Utasimama mbele ya hiyo dirisha mwanzo mpaka mwisho. Mgongo wako kwa kioo, mtoto asiiguse. Mtu akiuliza, wewe ni wa usalama. Wageni wakitoka, hiyo kitu iondoke leo leo, na ile ya kweli uilete kwa pesa yako."

Kimotho alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alilivua, akavaa fulana. Ilikuwa imeandikwa SECURITY mgongoni, na ilinuka jasho la mtu mwingine.

*

Saa nne ukumbi ulijaa. Kimotho alisimama mahali pake, mabega wazi, viganja nyuma, baridi ya kioo ikipenya vidoleni. Wazazi walimpita. Mmoja alimpa ufunguo wa gari amwangalizie. Mwingine alimuuliza choo kiko wapi, na Kimotho, ambaye hakujua, alielekeza kwa kidevu upande wowote.

Kisha mama mkwe wake akaingia.

Kwa Wabukusu mama na mkwewe wa kiume hawakabiliani. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na neno likihitajika kufika upande wa pili hupitia kwa binti, hata kama wote watatu wamo chumba kimoja. Kimotho ni Mkikuyu, lakini hata kwao mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye, kwa hiyo heshima hiyo haikumpa shida. Kwa miaka tisa ya ndoa alimwona yule mama mara sita, zote kwa ubavu. Sasa mama alikalishwa kiti cha mstari wa mbele, hatua tano kutoka alipo Kimotho, uso kwa uso, mkwe akiwa ndani ya fulana ya askari.

Mama alimwona. Alisimama, akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta, akaketi. Watu wa nyuma wakaanza kunong'onezana kwa nini kukhu, yaani bibi huyu, anatazama ukuta mtupu na sherehe iko mbele. Akamwita Phanice kwa kidole, akasema kwa lafudhi yake iliyochanganya r na l.

"Mwambie bwana yako asimame mahari pengine."

"Mama, hawezi."

"Amekuwa askari rini? Si ulisema ni fundi?"

"Ni fundi, Mama. Nitakueleza jioni."

"Mwambie ananiaibisha."

Phanice alitembea hatua tano akamwambia mumewe, kwa sauti ya chini, yale aliyokwisha kuyasikia. Kimotho akaitikia kwa kichwa. Alitamani sakafu ipasuke kabla ya kioo.

Mchungaji aliomba. Madam Dinah akahutubu juu ya viwango vya kisasa na usalama wa mtoto, na alipofika kwenye madirisha hakuyaruka, aliyasifu kama alivyokuwa ameandika. Watu walipiga makofi. Kisha PP2 wakaingia na soksi nyeupe, Nanjala akiwa mfupi kuliko wote na mwenye sauti kubwa kuliko wote. Walijipanga mbele ya Kimotho wakaanza kuimba, wakarudi nyuma hatua mbili wakipiga makofi, na kila waliporudi visogo vidogo vilimgonga mapajani. Alihesabu beti. Bado tatu. Bado mbili na nusu.

Mgeni wa heshima alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na ana mazoea yake ambayo hakuna aliyemwonya Kimotho juu yake. Watoto wakimfurahisha huwarushia peremende. Aliinuka katikati ya wimbo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki, akatupa. Peremende zilipita juu ya vichwa zikagonga kioo na kuanguka miguuni kwa Kimotho.

Watoto kumi na wanane wakageuka. Walimjia wote kwa pamoja, vichwa chini, mikono mbele. Kimotho alipanua mikono na miguu, akakaza mwili, lakini kumi na wanane ni wengi. Walimsukuma mgongo ukalala kwenye kioo. Ukumbi ulikuwa unacheka. Yeye alisikia mlio mdogo kule chini, karibu na kisigino chake cha kulia, tik.

Hakugeuka. Aliingiza viganja nyuma akavitandaza, na chini ya kiganja cha kulia akauhisi mstari ukipanda, mwembamba kama uzi.

"Mwalimu," alisema. Phelista alikuwa hatua mbili kutoka kwake akiokota kofia ya mtoto. "Toa watoto."

"Shemeji, bado wanaimba."

"Phelista. Watoe sasa hivi."

Phelista akatazama juu ya bega la Kimotho, akauona ufa, na uso wake ukabadilika. Lakini mwalimu wa watoto wadogo hajifunzi kupiga kelele. Akapiga makofi mawili. "PP2, treni," akasema kwa sauti ileile ya kila siku, na watoto wakashikana nguo kwa nyuma, wakapuliza puu, wakaanza kutoka kwa mstari huku wageni wakifurahia. Kimotho alihesabu vichwa vikipita mlangoni. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

Nanjala alikuwa ameinama chini ya benchi, akivuta peremende iliyokwama kwenye ufa wa sakafu.

Kimotho hakuweza kuachia. Alimwita jina, mtoto akamtazama, akatabasamu, akaendelea kuvuta. Phanice ndiye aliyeruka benchi na viatu vyake vya mchuchumio, akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja kama mzigo wa kuni, akajitupa naye upande wa jukwaa. Nusu ya juu ya kioo ikatoka kwenye fremu, ikateleza mgongoni mwa Kimotho ikachana fulana ya manjano, ikaangukia benchi. Haikumwagika. Ilipasuka vipande vitatu, na kirefu kati ya hivyo kilikuwa sawa na mkono wa mtu mzima, chenye ncha kama ya panga lililonolewa.

*

Kipaza sauti kiliendelea kuvuma peke yake mpaka mtu akakizima. Damu kidogo ilikuwa inamtoka Kimotho begani. Phanice alikuwa bado sakafuni na mtoto anayelia kwa sababu ya peremende yake.

Madam Dinah alikuja mbele. Alikitazama kile kipande kirefu kwa muda.

"Fundi, hii ni nini?" alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Si uliniambia ni kioo kigumu?"

Kimotho alimtazama. Phanice alifungua mdomo, lakini Phelista, aliyekuwa amerudi mlangoni, alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kama anayemwomba mtu asimwage maji yaliyobaki. Kimotho aliliona hilo.

"Ni makosa yangu," alisema. "Niliweka ya kawaida hapa. Ni hii moja tu. Hizo tatu ni ngumu, ni zile tulikubaliana."

"Tutajuaje?" Baba mmoja aliuliza kutoka katikati.

"Ziko na muhuri kwa kona."

Watu wakasogea kwenye madirisha matatu wakatafuta mihuri, wakaiona, wakaipitishia kidole. Mama mmoja aliikwaruza na ukucha.

"Muhuri hata mimi naweza kuchora," yule baba akasema. "Mtu ametudanganya kwa moja, tumwamini kwa tatu? Si mtoto wangu."

Wengine wakaitikia. Mgeni wa heshima, aliyekuwa amekunja mfuko wake wa peremende akauficha ndani ya koti, alisema hilo ni swali la haki. Madam Dinah aliwasikiliza wazazi wake, akaona watoto mia tatu na arobaini wakienda shule nyingine mmoja mmoja.

"Vunja moja," akamwambia Kimotho.

"Madam, hizo ni nzima. Hazina shida."

"Vunja moja waone."

Hakukuwa na njia nyingine, na hilo ndilo lililomuuma. Kioo kigumu hakina namna ya kujitetea kikiwa kizima. Phanice alimletea begi. Kimotho alichukua nyundo, akaenda kwenye dirisha la tatu, akawaomba watu warudi nyuma, akapiga katikati. Nyundo iliruka ikarudi. Mtu akacheka kidogo kwa woga. Akapiga tena, kioo kikasimama vilevile, safi, miti ya nje ikionekana. Kisha akatafuta kona, mahali ambapo kioo hicho kina udhaifu, akagonga kwa ncha ya bisibisi.

Chote kilimwagika kwa mara moja. Punje zilitiririka sakafuni na kusambaa chini ya viti, na watoto waliokuwa wakichungulia kutoka nje wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Elfu kumi na nane nyingine. Kimotho alisimama na nyundo yake mbele ya shimo la dirisha, upepo ukiingia.

"Mmeona," alisema. Akaishusha nyundo. "Mmeona."

Walikuwa wameona. Yule baba alichota punje akazifikicha, akakubali kwa kichwa. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti chake kilichotazama ukuta. Akaja polepole kwa sababu ya magoti, akainama, akajaza kiganja, akafunga ngumi kwa nguvu, akaifungua. Hakukuwa na damu. Akazimwaga chini, akapangusa mkono kwenye leso. Alitazama dirisha la kwanza, akatazama la pili. Kimotho alikuwa hatua tatu kutoka kwake, lakini mama alimgeukia binti yake.

"Phanice, muulize bwana yako. Na hizo mbili?"

Phanice alimpa Phelista mtoto, akasogea. Mumewe alikuwa amesikia, kama kila mtu mle ndani alivyosikia, naye alikuwa akimtazama yeye peke yake, akingoja aseme neno la kumtetea. Phanice alijua angeweza kulisema. Alikuwa ameona muhuri kwa macho yake, lakini ule ulikuwa wa kioo kilichokuwa stoo, na hivi viwili hakuwepo vilipowekwa. Alikumbuka pia kwamba la jino aliambiwa leo, ofisini, pamoja na mtu baki.

"Na hizo mbili, Baba Gathii?" aliuliza, na hakuwa anauliza kwa niaba ya mtu.